Setilaiti zinavyofichua misitu inayoshindwa kurejea baada ya moto na ukame

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi, kila Mlima Kilimanjaro ulipotajwa katika mijadala ya mabadiliko ya tabianchi, macho ya wengi yalielekezwa kileleni, kwenye barafu. Wageni waliipiga picha, magazeti ya Ulaya na Marekani yakaiandika, na wananchi wengi wakaamini kuwa siku theluji itakapokwisha, maji ya mito nayo yatakwisha.

Ni kweli kwamba barafu hiyo inapungua. Vipimo vilivyoongozwa na Profesa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, vilionyesha kuwa eneo la barafu lililokuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 lilikuwa limebakia takriban kilomita za mraba 2.6 ilipofika mwaka 2000. Utabiri uliotolewa mwaka 2002, kwamba barafu yote ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020, haukutimia, ingawa kupungua kwake kunaendelea.

Hata hivyo, chini ya barafu hiyo kulikuwa na hasara nyingine kubwa zaidi, ambayo haikupata wapiga picha. Iligunduliwa kwa kuweka pamoja picha mbili zilizopigwa kutoka angani kwa tofauti ya miaka 24.

Mtaalamu wa mimea, Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth nchini Ujerumani, ambaye amefanya utafiti Kilimanjaro kwa miongo kadhaa, alilinganisha picha za setilaiti za mwaka 1976 na za mwaka 2000. Kisha akazipambanisha na takwimu za viwanja vya sampuli zaidi ya 1,500 vilivyopimwa mlimani penyewe, mmea kwa mmea.

Matokeo ya kazi hiyo, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kuwa moto ulikuwa umeteketeza kilomita za mraba 150 za msitu wa mawingu katika kipindi cha miongo mitatu. Eneo hilo ni kubwa mara kumi na tano hivi kuliko eneo lote la barafu lililopotea kati ya mwaka 1912 na 2000. Katika miaka 70, mlima ulikuwa umepoteza karibu theluthi moja ya misitu yake: upande wa juu kwa moto, upande wa chini kwa ukataji na kilimo.

La kushangaza zaidi lilikuwa mwelekeo wa mabadiliko hayo. Wengi hutarajia kuwa dunia ikipata joto, mimea ya milimani itapanda juu zaidi kufuata ubaridi. Kilimanjaro mambo yalikwenda kinyume. Mpaka wa juu wa msitu ulishuka kwa mamia ya mita, kwa kuwa hewa kavu ilirahisisha moto kupanda na kula miti iliyo juu kabisa.

Kwa mwananchi wa Moshi, Same au Korogwe, hili si suala la miti peke yake. Sehemu kubwa ya barafu ya kileleni hugeuka mvuke bila hata kuwa maji, na mchango wake kwa mito ni mdogo. Maji yanayoingia katika mifereji ya asili ya Wachaga, inayojulikana kama mifongo, na yanayofuata njia ya Mto Pangani kupitia Bwawa la Nyumba ya Mungu hadi kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, hutoka kwa wingi katika ukanda wa msitu. Upande wa Kenya, maji yanayopita chini ya ardhi kutoka mlima huo huo ndiyo yanayolisha vinamasi vya Amboseli.

Msitu wa mawingu una kazi ambayo mvua peke yake haiifanyi. Matawi yake, yaliyofunikwa na kuvumwani, hunasa ukungu unaopita na kuudondosha ardhini tone kwa tone. Mti ukiungua, ukungu huo hupita bila kuacha kitu. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2016 ilikadiria kuwa hekta 13,000 za msitu zilizoteketea Kilimanjaro tangu mwaka 1976 ni sawa na kukata maji ya kunywa ya watu milioni moja kwa mwaka mzima.

Swali ambalo wataalamu wanajiuliza sasa si tena moto umekula eneo kiasi gani. Wanataka kujua kama msitu ulioungua unarudi, na kama unarudi, ni msitu ule ule au ni kitu kingine chenye rangi inayofanana nao.

Uwezo wa msitu kupata pigo, liwe la moto au la ukame, na kuirudia hali yake ya awali kabla ya pigo jingine kufika, ndio unaoitwa ustahimilivu. Kuupima uwezo huo kwa miguu ni kazi ya vizazi. Ndiyo maana watafiti wamegeukia vyombo vinavyozunguka dunia usiku na mchana.

Setilaiti inaona nini?

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani Julai 23, 1972. Tangu wakati huo mfululizo huo umeendelea, na Landsat 8 iliyorushwa mwaka 2013 na Landsat 9 ya mwaka 2021 hupita juu ya sehemu moja kila baada ya siku 16. Zikihesabiwa pamoja, ni kila siku nane. Hakuna kumbukumbu ndefu zaidi ya picha za aina hiyo kuhusu uso wa dunia, na hilo ndilo linaloipa thamani. Daktari anayetaka kujua kama mgonjwa anapata nafuu huhitaji kuona kadi ya zamani.

Chombo hicho hakipigi picha kama kamera ya harusini. Hupima mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi, ukiwa umegawanywa katika makundi, yakiwemo yale yasiyoonekana kwa macho ya binadamu.

Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, lakini hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ulio jirani na wekundu. Jani linaponyauka, tofauti kati ya mianga hiyo miwili hupungua. Kutokana na tofauti hiyo wataalamu hukokotoa kipimo cha ukijani ambacho kwa kawaida huanzia karibu na sifuri, kwenye udongo mtupu, na kukaribia moja kwenye msitu mnene. Mwanasayansi wa Marekani, Compton Tucker, alikifafanua katika chapisho lake la mwaka 1979, na tangu miaka ya 1980 kimetumika kutoa tahadhari za njaa katika Sahel na Pembe ya Afrika.

Kwa moto kuna kipimo kingine. Hicho hulinganisha mwanga huo wa infraredi na ule wa infraredi ulio mbali zaidi na wekundu, ambao huathiriwa sana na maji yaliyomo katika majani na udongo. Mahali palipoungua, mwanga wa kwanza hushuka na wa pili hupanda. Mtafiti akitoa thamani ya baada ya moto katika thamani ya kabla ya moto, hupata ramani inayoonyesha wapi moto ulipita juu juu na wapi uliunguza hadi mizizi.

Kwa bahati mbaya, kipimo hiki cha pili hakiwezi kutumika kwa picha za miaka ya 1970, kwa kuwa setilaiti za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kuuona mwanga huo wa mbali. Aidha, kila nukta ya picha zile iliwakilisha eneo la ardhi la mita 80 hivi kwa upande, wakati Landsat za leo hufikia mita 30, na setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hufikia mita 10. Mtafiti anayelinganisha picha ya mwaka 1976 na ya sasa hulazimika kwanza kuyagawa maeneo kwa aina ya uoto, kisha kulinganisha aina hizo, badala ya kutoa namba moja katika nyingine.

Kilimanjaro ina ugumu wake wa ziada. Landsat hupita karibu saa nne asubuhi, wakati ambapo jua bado liko mashariki na makorongo ya magharibi yamo kivulini, na mara nyingi ukanda wa msitu umekwisha kuanza kujifunika mawingu. Mtu anaweza kupekua picha za mwaka mzima akapata mbili au tatu tu zinazofaa. Akikosea na kulinganisha picha ya kiangazi na ya masika, ataona "kupona" ambako hakupo.

Ukijani unaodanganya

Katika fani hii hakuna somo lililowagharimu wataalamu mjadala mrefu kama lile la msitu wa Amazon.

Mwaka 2005 eneo hilo la Amerika Kusini lilikumbwa na ukame mkali. Mwaka 2007 kundi la watafiti likiongozwa na Scott Saleska lilichapisha matokeo ya kushangaza katika jarida la Science: picha za setilaiti zilionyesha kuwa wakati wa ukame huo msitu uliongeza ukijani. Ilionekana kana kwamba miti yenye mizizi mirefu ilifurahia jua lililokosa mawingu.

Mwaka 2010 kundi jingine lilirudia hesabu kwa kuondoa picha zilizochafuliwa na mawingu na moshi, na halikuona ongezeko hilo. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Douglas Morton wa Shirika la Anga la Marekani (NASA) walieleza kuwa sehemu ya kile kilichodhaniwa kuwa ni ukijani wa kiangazi kilitokana na pembe ya jua: jua likibadilisha mahali pake angani, vivuli kati ya miti hupungua machoni pa setilaiti, na msitu huonekana kung'aa zaidi bila jani hata moja kuongezeka. Mjadala haukuishia hapo, na wapo wanaoendelea kutetea kuwa miti ya huko huchipua majani mapya kiangazi.

Wakati hayo yakiendelea, kundi jingine lilitumia chombo cha aina tofauti. Rada haitegemei jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza yanavyorudi, na wingi wa maji katika matawi hubadili mwangwi huo. Sassan Saatchi wa NASA na wenzake walionyesha mwaka 2013 kuwa zaidi ya hekta milioni 70 za Amazon ya magharibi ziliathiriwa na ukame wa mwaka 2005, na kwamba matawi ya juu yalikuwa hayajapona kikamilifu hadi vipimo vya chombo chao vilipokoma mwaka 2009. Ukame mwingine ulipiga mwaka 2010.

Yaani msitu ulipigwa ngumi ya pili ukiwa bado haujainuka, huku vipimo vya rangi vikibishaniwa kama uliumia au la.

Mtu anayetazama miteremko ya juu ya Kilimanjaro anakutana na hadaa ya aina hiyo hiyo, ingawa chanzo chake ni tofauti. Miti inayotawala ukanda wa juu kabisa wa msitu ni ya jamii ya erika, yenye majani madogo kama sindano. Ikiungua mara moja, mingi huchipua tena kutoka shinani, na baada ya miaka michache eneo hupata rangi ya kijani. Kwa kipimo cha ukijani, pengo limezibika.

Kilichorudi, hata hivyo, ni vichaka. Moto ukipita tena kabla vichaka hivyo havijawa miti, na vichaka vya erika hushika moto upesi, ardhi huishia kuwa na nyasi za matuta na mimea mifupi ya nyika za juu. Kijani kipo, lakini hakuna matawi marefu yenye kuvumwani ya kunasa ukungu. Kwa mtu anayesubiri maji bondeni, tofauti kati ya hali hizo mbili ni kubwa mno kuachiwa kipimo kimoja cha rangi.

Ndiyo sababu ya kupima kimo. Desemba 2018, NASA ilipeleka katika Kituo cha Kimataifa cha Anga chombo kiitwacho GEDI, kinachopiga ardhi kwa miale ya leza na kupima muda unaotumiwa na mwanga kurudi kutoka kwenye majani ya juu, matawi ya kati na ardhi. Kila mwale hugusa duara la upana wa mita 25 hivi. Chombo hicho kiliwekwa kando mwezi Machi 2023 na kurudishwa kazini Aprili 2024. Hakipigi kila mahali, bali huacha nafasi kati ya mistari yake, kwa hiyo watafiti huunganisha vimo hivyo na picha za Landsat au Sentinel ili kujaza mapengo.

Kilimanjaro ni mahali pazuri pa kukumbuka umuhimu wa kimo. Ni katika bonde mojawapo la mlima huo ambapo Hemp na wenzake waliripoti, mwaka 2016, mti mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa barani Afrika, wa jamii inayoitwa kisayansi Entandrophragma excelsum, wenye kimo cha mita 81.5. Katika picha ya setilaiti, kilele cha mti huo ni doa tu la kijani katikati ya madoa mengine.

Kiu kabla ya kifo

Ukame huua polepole kuliko moto, na dalili zake hujificha. Mti wenye kiu unaweza kubaki na majani ya kijani kwa miezi kadhaa huku maji yaliyomo ndani yake yakipungua.

Jimbo la California nchini Marekani lilitoa mfano ulio wazi. Wakati wa ukame ulioanza mwaka 2012, Greg Asner na wenzake walirusha ndege yenye leza na vifaa vya kuchambua mwanga juu ya misitu ya jimbo hilo, wakaunganisha vipimo vyake na picha za setilaiti. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2016, walikadiria kuwa miti mikubwa ipatayo milioni 58 ilikuwa imepoteza zaidi ya asilimia 30 ya maji ya majani yake ya juu tangu mwaka 2011. Mingi kati yake ilikuwa bado imesimama.

Hadi kufikia mwisho wa mwaka 2017, Idara ya Misitu ya Marekani ilihesabu miti milioni 129 iliyokufa kwa ukame na wadudu wanaochimba magome. Septemba 2020 moto uliopewa jina la Creek uliingia katika eneo la milima ya Sierra Nevada lililojaa mizoga hiyo ya miti na kuteketeza hekta zaidi ya 150,000. Ukame ulikuwa umeandaa kuni miaka kadhaa kabla ya cheche.

Kutokana na mifano kama hiyo, baadhi ya wanasayansi wameanza kutafuta dalili zinazotangulia kuporomoka kwa msitu. Wazo lao linaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kuuguza. Mwenye afya njema akipata homa ndogo, hupona kwa siku mbili. Anayeanza kudhoofika huchukua wiki kwa homa ile ile, halafu wiki mbili. Msitu nao hupata misukosuko midogo kila mwaka, na setilaiti zikiwa na kumbukumbu ya kutosha, muda wa kupona baada ya kila msukosuko unaweza kuhesabiwa.

Kwa kutumia njia hiyo na vipimo vya mawimbi vinavyoonyesha maji na wingi wa mimea, Chris Boulton na Tim Lenton wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, pamoja na Niklas Boers, walieleza mwaka 2022 kuwa zaidi ya robo tatu ya msitu wa Amazon ilikuwa imepoteza ustahimilivu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika maeneo yenye mvua haba na yaliyo karibu na shughuli za binadamu.

Kuipeleka hesabu hiyo Kilimanjaro si rahisi. Vipimo vilivyotumika Amazon huona maeneo yenye upana wa makumi ya kilomita, na ukanda wote wa msitu wa mlima huo ungeingia katika nukta chache, zikichanganyika na mashamba ya migomba na kahawa.

Si kila moto ni adui

Ipo hatari ya kuzisoma ramani za moto kwa jicho moja. Mtu akifungua ramani ya dunia ya maeneo yanayoungua, ataona Tanzania, Zambia, Msumbiji na kusini mwa Kongo zimejaa wekundu kuanzia Mei hadi Oktoba, na anaweza kudhani kuwa eneo hilo linaangamia.

Sehemu kubwa ya wekundu huo iko katika misitu ya miombo na nyika, ambayo imeishi na moto kwa maelfu ya miaka. Miti ya miombo ina magome mazito na huchipua upesi. Tena ina tabia inayowachanganya wageni wa fani hii: hutoa majani mapya, mara nyingi yenye rangi ya wekundu wa shaba, wiki kadhaa kabla ya mvua za kwanza. Mtafiti asiyeijua miombo ataona ukijani ukipanda katikati ya kiangazi na kudhani setilaiti imeharibika.

Wakati wa moto ndio unaoleta tofauti. Unaowashwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, huwa baridi na huacha miti mizima. Unaowaka Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, huua hata miche na kupasua magome. Wilayani Kilwa, vijiji vinavyohifadhi misitu ya mpingo vimekuwa vikitumia uchomaji wa mapema kwa msaada wa Shirika la Uhifadhi na Maendeleo ya Mpingo (MCDI), na picha za setilaiti zinafaa kuonyesha kama kweli moto wa mwisho wa kiangazi hupungua.

Msitu wa mawingu hauna historia hiyo ya kuzoeana na moto. Mkulo na podo za Kilimanjaro haziwezi kupimwa kwa kanuni ya miombo, hata kama nukta nyekundu kwenye ramani ni ile ile. Mwandishi anaona kuwa hapa ndipo taarifa nyingi za haraka zinapopotoka: hujumlisha hekta zilizoungua nchi nzima bila kusema ni za uoto gani.

Taarifa hufika saa ngapi?

Oktoba 11, 2020 moto ulizuka Kilimanjaro katika eneo la Whona, mahali wanapopumzika wapanda mlima kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Mamia ya watu, wakiwemo askari wa hifadhi, wanafunzi na wananchi wa vijiji vya jirani, walipanda kupambana nao kwa siku kadhaa. Miaka miwili baadaye, Oktoba 21, 2022, moto mwingine ulianza karibu na kambi ya Karanga, iliyo umbali wa mita 4,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na wanajeshi wakaongezwa katika kazi ya kuuzima. Yote miwili ilizuka mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli kushika kasi.

Setilaiti zinazotambua joto, hasa zenye kifaa kiitwacho VIIRS kilichorushwa kwa mara ya kwanza mwaka 2011, hupita juu ya Afrika Mashariki karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Kifaa hicho kinaweza kuhisi moto ndani ya eneo la mita 375 kwa upande. NASA huweka taarifa zake kwenye mtandao wa intaneti bila malipo kwa kawaida ndani ya saa tatu tangu setilaiti ipite, na mtu yeyote anaweza kujiandikisha ili atumiwe barua pepe kuhusu eneo analochagua.

Hata hivyo, saa tatu mlimani ni muda mrefu. Moto ulioanza saa kumi jioni unaweza kukimbia hadi usiku wa manane bila chombo hicho kuupitia, na ukijificha chini ya wingu zito hauonekani kabisa. Ndiyo maana taarifa za kwanza mlimani hutoka mara nyingi kwa wapagazi, waongoza watalii na wanavijiji wenye simu za mkononi.

Jambo jingine ambalo setilaiti haiwezi kulisema ni nani aliyewasha. Karibu mioto yote ya Kilimanjaro huanzishwa na binadamu: walina asali wanaotumia moshi kufukuza nyuki, wawindaji haramu, wachoma mashamba, na hata majiko ya kambini. Ukame hauwashi moto. Huamua utafika wapi.

Gharama na mapengo

Hadi mwaka 2008, picha moja ya Landsat 7 iliuzwa kwa dola za Marekani 600 hivi. Mtafiti aliyetaka kufuatilia mlima mmoja kwa miaka 20 alihitaji bajeti ambayo idara nyingi za vyuo vya Afrika hazikuwa nayo, na hii ni sababu mojawapo ya tafiti za wakati ule kutumia picha mbili au tatu tu zilizopishana kwa miaka mingi. Mwaka huo Marekani iliamua kuyafungua makabati yote bure, na hesabu zinazotumia mamia ya picha za sehemu moja zikawezekana.

Mapengo ya zamani hayawezi kuzibwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 sehemu kubwa za Afrika zilipigwa picha chache, kwa kuwa wakati huo biashara ya picha ilitawaliwa na wateja wa kwingineko na vituo vya kupokelea mawimbi vilikuwa haba. Landsat 7 nayo ilipata hitilafu Mei 31, 2003, na tangu hapo kila picha yake ilikuwa na michirizi mitupu inayokaribia asilimia 22 ya eneo.

Katika kanda hii, Kituo cha Kikanda cha Ramani na Rasilimali kwa Maendeleo (RCMRD) kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975 kimefundisha wataalamu wengi wa fani hii. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndicho chenye Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Hewa Ukaa. Aidha, tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ilipima maelfu ya viwanja kwa miguu na kukadiria kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu. Viwanja hivyo ndivyo vinavyoweza kuipa namba ya setilaiti maana, kwa kuwa kuna mtu aliyesimama pale na kamba ya kupimia akaandika jina la mti na unene wa shina lake.

Mwaka 2025 vyombo viwili vya rada vilivyosubiriwa kwa muda mrefu vilirushwa. Aprili 29 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti iitwayo Biomass, yenye mawimbi marefu ya sentimita 70 hivi, ambayo hupenya majani na matawi madogo na kugonga mashina. Julai 30 Marekani na India zilirusha NISAR, itakayokuwa ikirudia sehemu moja kila baada ya siku 12, mawingu yakiwepo au yasiwepo.

Kwa vyombo hivyo, miteremko iliyoungua mwaka 2020 na 2022 inaweza kutazamwa kwa vyombo visivyoangalia rangi ya jani bali wingi wa mbao zilizosimama. Kwa baridi ya mwinuko ule, erika huchukua miaka mingi kuwa mti, na katika miaka hiyo yote kila Oktoba itapita ikiwa na nyasi zake kavu.